Sungura Muuza Vifaa vya Kuvulia

Mwaka ambao jua lilisahau kazi zake nyingine zote likabaki kuwachoma wanyama tu, mbuga iliyo chini ya Mlima Wiru ilikauka kabisa. Swala walihama bila kuaga. Fisi, ambaye hata wakati wa neema hakuwahi kushiba, alibaki na mkewe na watoto wao, akitafuna kipande cha ngozi ambacho baba yake alikuwa ameshakitafuna kabla yake.

Alikuwa na mali moja tu, pango. Maji yalidondoka ndani kutoka mwambani, na kwa sababu hiyo nyasi mbichi ziliota mlangoni. Fisi hali nyasi, kwa hiyo hata hakuziona. Sungura aliziona akiwa mbali sana.

Juu mlimani ulibaki mto mmoja, na samaki wa mto ule walikuwa na tabia ya kuruka juu kudaka nzi. Sungura aliwahi kujificha kichakani akawatazama binadamu wakiwavua. Walitengeneza nzi wa bandia kwa manyoya, wakamfunga kwenye ndoana, wakarusha mshipi nyuma na mbele kwa ufito mwembamba. Sungura aliyachunguza mavazi yao mpaka vifungo. Vikapu vyao vya samaki hakuvitupia jicho.

Basi akaiga alivyoviona, akaenda kwa Fisi na ufito wa mwanzi na nzi wake, akamsimulia habari za samaki wanene mpaka mate ya Fisi yakamlowesha miguu. Bei ilikuwa ndogo, alisema, ni pale mlangoni tu pasipolalwa na mtu. Fisi alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema.

Akapanda mtoni, akarusha. Samaki akaja juu, akamgusa nzi. Hapo mvuvi yeyote hutulia akavuta taratibu. Fisi alitupa ufito, akaangua kicheko chake chote, akajirusha majini kwenda kumkumbatia samaki. Alitoka na mchanga mdomoni.

Sungura alimpa pole nyingi. Kosa si la mvuvi, alimwambia, kosa ni la vifaa, kwa kuwa samaki wa mlimani ni wajuzi na humdharau asiyevaa fulana ya mifuko. Fulana ikachukua ukumbi wa pango. Ikaja kuonekana kwamba fulana bila kofia ni kazi bure, na kofia ikachukua chumba cha watoto. Kigurudumu cha kukunjia mshipi kikachukua jiko. Viatu virefu vya kusimamia majini vikachukua mahali pa kulala baba na mama. Na kila siku, akiwa amependeza kuliko jana, Fisi alijirusha mtoni vilevile.

Mkewe, Mama Chonge, alimsubiri nje, maana ndani hakukuwa kwao tena. Mtoto wao mdogo alikuwa akihema kwa joto na kulamba jiwe.

"Baba Chonge, samaki yuko wapi?"

"Bado kitu kimoja, wavu wa kumpokelea," Fisi akasema. "Sungura amenipunguzia bei."

"Anachukua nini sasa?"

"Ile kona ya mwisho. Yenye maji."

Mama Chonge aliona uchungu mpaka masikio yakamtetemeka, lakini hakugombana naye. Alikwenda moja kwa moja kwa Simba. Wala hakushtaki, kwa sababu Simba akisikia mashtaka husinzia. Alimwambia tu kwamba mumewe siku hizi anavaa nguo za kuvulia ambazo hakuna mwingine mlimani aliye nazo, hata mfalme. Simba akasimama papo hapo.

Walimkuta Sungura amejinyoosha mlangoni, tumbo limejaa nyasi. Simba akataka vifaa vyote, tena vizuri kuliko vya Fisi. Sungura aliona milima na mabonde yakija mikononi mwake.

"Mtukufu, ukivaa vyote, samaki hana pa kukimbilia," akasema. "Hata mtoto atavua."

"Vizuri," akasema Simba. "Ila mfalme hajifunzi kazi mbele za watu. Vaa wewe kwanza, nikutazame."

Wakapanda mtoni wote, na wanyama wengine wakafuata nyuma, kwa kuwa njaa haizuii umbeya. Sungura akavaa vitu vya Fisi. Viatu vilimfika kifuani, kofia ikamfunika macho. Akaingia majini, akarusha ufito nyuma kwa mbwembwe, na ndoana ikanasa kwenye manyoya ya shingo ya Simba. Sungura akahisi uzito.

"Nimempata," akaita kwa furaha. "Mkubwa kweli huyu, nishikeni jamani."

Akakunja mshipi kwa nguvu zake zote. Shingo ya mfalme ikavutika. Nyani alianguka kutoka mtini kwa kucheka, na Fisi akagaagaa mpaka pumzi ikamkata. Sungura akainua kofia ageuke kumtazama samaki wake, akaona samaki ana meno.

Akajaribu kukimbia. Miguu ile iliyomwokoa maisha yake yote ilikuwa ndani ya viatu vilivyojaa maji, haikunyanyuka. Simba alimwinua kwa fulana kwa ukucha mmoja.

"Wewe umevua samaki wangapi, Sungura?" akamuuliza polepole.

"Mimi hula nyasi, Mtukufu."

Pango likarudi kwa wenyewe saa ileile, na Sungura akateremshwa mbugani kwenye vumbi akiwa amevaa vifaa vyake vyote. Mama Chonge alibakiza ufito na nzi tu. Alimfungia mumewe pangoni, akasimama mtoni kimya, akavuta taratibu, na jioni watoto wakalala ndani, wamelowana midomo kwa mafuta ya samaki.

Na mpaka leo, muuzaji akipanda Mlima Wiru kusifia kitu kinacholetea watu samaki, wanyama hawamuulizi bei. Humuuliza jana alikula nini.