Fuko Alipokwenda Kutazama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo.

Hapo zamani, zile za kale kabisa, Fuko aliishi na mama yake ndani ya kilima. Wote wawili hawaoni. Kazi yao kuchimba tu, chaku, chaku, chaku. Mama alikuwa amezeeka, miguu haimbebi tena. Siku moja akasema, "Mwanangu, nimekaa ndani ya kilima hiki maisha yangu yote, na sijui ukiwa juu yake unaona nini. Natamani nijue kabla sijafa."

"Nitakwenda nikutazamie, mama."

Basi Fuko akatoka. Akapanda, akajikwaa, akaanguka pu! Akapanda tena. Kileleni akawakuta Swala, Nyani na Mwewe wakipunga upepo, kama kawaida yao ya kila siku. Walipomwona wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Umekuja kutazama?" akauliza Nyani. "Kwa macho ya nani?"

"Yenu," akasema Fuko. "Niambieni mnaona nini, nikamwambie mama."

Swala akasema, "Naona majani mabichi, basi."

"Majani gani?" akasema Nyani. "Ni mahindi matupu."

Mwewe akawabeza. "Waongo nyinyi. Kule chini kuna vifaranga tu."

Wakaanza kugombana. Kila mmoja alikuwa ametazama pale penye chakula chake, hapo tu. Wewe unayecheka, ungepanda na njaa ungeona nini?

Fuko akaogopa atarudi mikono mitupu. Akasema, "Jamani, taratibu. Swala, majani yako yako wapi?"

"Hapa juu, mteremko mzima."

"Nyani, na mahindi?"

"Chini ya majani."

"Na vifaranga, Mwewe?"

"Uani, kando ya mahindi, kabla ya mto."

"Kuna mto?" akauliza Fuko.

Wote wakageuka. Kweli, mto ulikuwepo, unang'aa, unazunguka bonde zima. Hakuna aliyewahi kuujali.

"Na ng'ambo ya mto?"

"Kilima," akasema Swala polepole. "Nyuma yake kingine. Na kingine. Vinazidi kuwa vya samawati mpaka vinaingia mbinguni."

Ugomvi ukaisha. Wakakaa bega kwa bega, wakatazama.

Fuko akateremka mbio, gudu, gudu, akabingirika mpaka mlangoni. Akamsimulia mama yake yote: majani, mahindi, vifaranga, mto, na vile vilima vya samawati.

"Samawati ndiyo nini?" akauliza mama.

"Sijui, mama. Lakini ilipotajwa, waliacha kugombana."

Mama akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi nimeiona," akasema.

Ndiyo maana nawaambia, wakubwa kwa wadogo: macho ya mmoja hayatoshi kilima. Muulize na mwenzako anaona nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeiacha juu kileleni, anayeitaka apande.