Sanda za Walio Hai

Nikisema "Palikuwa!", nyinyi semeni "Palipita!" Haya. Palikuwa! ... Sauti gani hiyo, mmekula au mmeahidiwa chakula? Palikuwa! ... Hapo sawa.

Zamani zile, kabla ya reli, kabla hata mzungu wa kwanza hajaumwa na mbu wetu, palikuwa na mji unaitwa Lunzewa. Mji wa chumvi. Maji yake ya ardhini yalikuwa ya chumvi, watu wakiyapika vyunguni tangu alfajiri mpaka magharibi, moshi huku, moshi kule, mpaka chumvi ibaki nyeupe chini ya chungu. Misafara inakuja, inachukua chumvi, inaacha bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Na watu wa Lunzewa walipenda vitu viwili duniani: chumvi yao, na kusikia majina yao yakitajwa hadharani. Cha pili walikipenda zaidi.

Humo alikaa mwanamke anaitwa Kalunde binti Msabila. Ndui ilimpitia utotoni ikamwachia uso wenye vishimo kama mkate wa kumimina. Mjini walimwita Chujio.

"Chujio, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, makapi yangu. Na nyinyi?"

Ndivyo alivyojibu. Usicheke wewe, ungekuwepo ungemwita hivyohivyo.

Mume wake, Mihambo, alikuwa na mke wa pili, Nyamizi, mwenye ngozi laini kama samli. Wake wenza hawa waligombana kwa kuni, wakagombana kwa mwiko, wakagombana kwa kuku ambaye hata hakuwa wao. Jirani akisikia kimya kwao alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Siku moja kukawa kimya kweli.

Ndui iliingia na msafara, watoto wangu. Iliingia na wapagazi, ikalala nao, ikaamka nao, ikatembea nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi. Wakubwa wa mji wakakaa, wakapitisha amri. Mgonjwa avushwe korongo, akae kwenye vibanda vya nyasi Ng'ambo. Vyombo vyake vivunjwe, nyumba yake ichomwe. Anayevuka asirudi mpaka ndui iishe, na asiguse kisima cha mji, kimoja tu chenye maji matamu. Wa kuwavusha awe mtu mwenye makovu, maana aliyeonjwa na ndui mara moja haimrudii. Amri nzuri, tena yenye akili. Sikatai. Mimi siyo mtu wa kupinga kila kitu, ingawa nasingiziwa.

Nyamizi alipotoka kipele cha kwanza, Mihambo akakumbuka ghafla kwamba ana shangazi mgonjwa, mbali sana. Akaenda kumuuguza shangazi. Mwanamume serious huyo!

Wakaja vijana wa wakubwa, wakavunja vyungu, wakavunja mitungi, wakachoma vibuyu, wakachoma kitanda, wakachoma nyumba. Kalunde akasimama mbele ya majivu yake na mke mwenza anayetetemeka. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mama, hakuwa na ndugu. Katika dunia nzima, mtu aliyebaki wa kugombana naye alikuwa huyu mmoja.

"Panda mgongoni," akasema.

"Mgongo wako unanuka moshi," akasema Nyamizi.

"Panda, mwehu wewe."

Wakavuka korongo.

Huko Ng'ambo, watoto wangu, sitawaeleza yote. Nataka mlale leo. Nawaambia moja tu: wagonjwa hawakulia kwa maumivu, walilia maji. Kibanda hiki, maji. Kibanda kile, maji. Midomo imepasuka, ulimi umekuwa gamba, na neno ni hilohilo, maji, maji, maji.

Kalunde akarudi ukingoni mwa korongo akaita. Upande wa pili alikuwa ameketi Mwinyi Fereji, tajiri wa chumvi, mwenyekiti wa kamati ya maafa (eti hata zamani zile kamati zilikuwepo). Pembeni yake alisimama mpiga mbiu Songoro na baragumu lake, na nyuma yao mlima. Mlima wa nini? Mlima wa bafta! Majora kwa majora, meupe pe, yanang'aa juani.

"Mwinyi, shikamoo! Watu wanataka maji!"

"Marahaba, binti Msabila! Tumewasikia! Mji mzima umetoa! Songoro, msomee!"

Songoro akapuliza baragumu. "Mwinyi Fereji, majora matano ya sanda! Bibi Zuhura wa Kwihamba, majora mawili ya sanda! Wapika chumvi wa mtaa wa juu, jora moja la sanda, na wanasema nia yao ni kubwa kuliko jora!"

Watu wakashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Kila jina vigelegele, kila jina vigelegele.

"Mwinyi," akasema Kalunde, "hawajafa."

"Watakufa. Na kumsitiri maiti asiye na mtu ni thawabu kubwa sana."

"Nipeni vyungu, Mwinyi. Hata vitatu vibovu. Mnitekee maji kisimani, mniwekee hapa ukingoni."

Watu wakatazamana. Chungu? Chungu kikivuka hakirudi, na msafara unasubiri chumvi.

"Halafu," akasema Mwinyi Fereji kwa upole, kama anamwelewesha mtoto, "chungu cha maji nitakitangazaje? Songoro apulize baragumu kwamba Fereji katoa maji? Si nitachekwa? Beba sanda, binti. Mungu akulipe."

Akabeba. Angefanya nini? Wakamrushia jora, akajitwika kichwani, akageuka.

Katikati ya njia palikuwa na jabali lililotoka jasho la maji matamu. Maji membamba, yanateleza tu juu ya jiwe. Hata angekuwa na kata angekwangua jiwe bure. Kalunde akakaa pale apumzike, akatua jora juu ya jabali, akalia. Alipomaliza kulia akajaribu kulinyanyua jora. Halikunyanyuka kirahisi. Lilikuwa limekunywa.

Acheni niseme tena. Lilikuwa limekunywa, limejaa, linachuruzika.

Mwanamke yule alikimbia! Alikimbia na sanda kichwani, maji yakimshuka usoni kwenye vile vishimo vyake, akaingia kibanda cha kwanza, akakamua. Mdomo ukafunguka. Akaingia cha pili, akakamua. Kwa Nyamizi akakamua mpaka tone la mwisho, kisha akamfunika kwa bafta ile mbichi, mwili wote unaowaka.

"Umenivika sanda," akasema Nyamizi.

"Nimekuvika maji. Nyamaza unywe."

Basi ikawa kazi ndiyo hiyo. Jabali, kibanda. Jabali, kibanda. Kitambaa kikioza kwa usaha anakifukia, anarudi ukingoni kurushiwa kingine. Waliokufa, na walikufa wengi, aliwazika kwa majani ya mgomba na kuwaomba radhi. Waliobaki walikunywa.

Lakini mji una macho. Mchungaji mmoja wa mbuzi aliona kutoka kilimani: maiti wanashuka kaburini na majani, na bafta zinaanikwa jabalini kama nguo za kufua. Akapeleka habari. Wee! Mji ulichafuka kuliko siku ndui ilipoingia.

"Sanda yangu imefanywa dekio!" alilia Bibi Zuhura. "Niliitoa kwa nia ya marehemu mama yangu!"

"Chujio umetuibia!" wakapiga kelele kutoka ukingoni. "Umewaibia maiti!"

"Njooni mzivue wenyewe!" akajibu Kalunde. "Njooni! Vukeni! Mbona mmesimama?"

Hakuvuka mtu. Mwinyi Fereji akainua fimbo. "Kuanzia leo," akasema, "jora halivuki bila jina. Utasimama hapo, utamtaja aliyekufa, Songoro atamtangaza, ndipo sanda itatupwa. Hakuna maiti, hakuna sanda. Period." Hakusema period, lakini ndiyo maana yake.

Kalunde akarudi vibandani. Bafta ya mwisho ilikuwa inaoza mikononi. Nyamizi macho yamezama, midomo inachezacheza bila sauti. Alfajiri Kalunde akaenda ukingoni, akajaza kifua pumzi.

"Leo amekufa Nyamizi binti Kabeya! Leteni sanda!"

Baragumu likalia. Kilio kikapanda mjini. Jora likaruka korongo, pu! Kalunde akaliokota, akapita jabalini, akaja akakamua.

Nyamizi akameza, akafungua jicho moja. "Nimesikia wakinililia," akasema. "Mke mwenzangu, umeniua mapema hivyo?"

"Kufa kidogo upate maji."

"Na wamelia vizuri?"

"Bibi Zuhura amegaagaa."

"Mnafiki yule," akasema Nyamizi, akanywa tena.

Kesho yake Kalunde akamtaja mwingine aliye hai. Keshokutwa mwingine. Kila jina sanda, kila sanda maji. Na mjini kila jina msiba, kila msiba ubwabwa, na baada ya ubwabwa wakubwa wanakaa kugawa. Huyu kafa, tanuru lake la chumvi apewe nani? Yule kafa, kiwanja chake apewe nani? Wakagawa. Ubani ulipungua, lakini ugawaji haukupungua.

Ndui ikachoka, ikaondoka, kama inavyoondoka. Waliobaki Ng'ambo wakakauka vidonda, wakasimama kwa miguu ya vijiti. Kalunde akawapanga mstari, Nyamizi mbele, uso wake sasa ni mkate wa kumimina kama wa Kalunde, mwili umefungwa bafta kwa kuwa nguo nyingine hakuna. Wakavuka korongo. Wakafika lango la miiba.

Mji ulipowaona ukapiga yowe: mizimu. Lakini Mwinyi Fereji hakupiga yowe. Aliwatazama mmoja mmoja, akawajua mmoja mmoja. Kando yake alikuwa Mihambo, karudi kutoka kwa shangazi, na mke mpya amevaa shanga za Nyamizi.

"Mihambo," akaita Nyamizi. "Ni mimi."

Mihambo akatazama vidole vyake vya miguu. "Mke wangu alikufa," akasema. "Nimekaa tanga."

"Hawa tumeshawazika," akasema Mwinyi Fereji. "Tumewapa sanda, tumewalilia, tumewasomea, vitu vyao vina wenyewe. Thawabu zimeshaandikwa. Mnataka tumwambie Mungu afute? Tuliwapa kila kitu! Mnataka nini tena?"

"Mahali pa kulala," akasema mtu mmoja nyuma ya mstari.

Mwinyi akajifanya hakusikia. Akamgeukia Kalunde, sauti yake ikawa asali. "Wewe, binti Msabila, jina lako halikutangazwa. Wewe ni mzima. Umetumika vizuri, kwa njia zako. Ingia. Nimekuwekea tanuru na vyungu vipya. Ingia, mwanangu, na lango lifungwe."

Kalunde akatazama ndani. Akaona moshi wa chumvi, akaona vyungu vimepangwa ukutani, vyungu vingi, vyungu vizima, safu kwa safu. Akamtazama Nyamizi. Nyamizi akasema polepole, "Nenda. Mgongo wako sikuupenda hata siku moja."

Kalunde akageuka akausogelea umati wa mji, akajaza kifua pumzi kama alivyozoea.

"Leo amekufa Kalunde binti Msabila! Leteni sanda!"

Na Songoro, mikono yake ishazoea, akapuliza baragumu.

Wakarudi Ng'ambo wote. Wakaishi huko, wakafa huko, kila mmoja kwa wakati wake wa kweli, na wala hakuna aliyewatangaza.

Sasa mnaniangalia, mnasema, bibi, mambo ya kale hayo. Ya kale? Mwaka huu mtu akilazwa mtaani kwetu akaomba nauli ya hospitali, simu zote zimeisha chaji. Akifa tu, simu zote zinawaka, kamati inaundwa, mapipa ya pilau, fulana zenye picha yake, na mwenye kipaza sauti anasoma majina ya waliochanga. Mpeni mtu maji anapoyaomba, akiwa bado na mdomo wa kuyanywea. Hilo tu. Nimelisema kwa Kiswahili, sina lugha nyingine ya kuwasaidia.

Kisa nimekitua chini, kamba nimeifungua. Mwenye kichwa ajitwike, mwenye usingizi akalale.