Mpaka Uliopita Nyumba ya Bi Raihana

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu azinawirishe nyuso zao, kwamba hapo kale palikuwa na mji ambao watu wake walikula mtama na kuoka mikate ya mofa katika tanuri moja. Si kwamba hawakuweza kujenga mengine. Udongo walikuwa nao, na mikono walikuwa nayo. Lakini mcha Mungu mmoja aitwaye Mkame alikuwa ameiweka wakfu ardhi yake, akajenga tanuri juu yake na baraza ya mawe kando, akasema hii sasa ni ya Mwenyezi Mungu, waja wake wote waitumie. Akaacha na desturi. Kila anayeoka, mkate wake wa kwanza auweke ukingoni, chini ya kawa ya ukili. Asiye na kitu atakuja, atainua kawa, atachukua mmoja, na waliopo watageuza nyuso zao wasimtazame.

Basi mji ukaishi hapo. Waliogombana shambani asubuhi walikutana barazani jioni, maana kila mmoja alitaka mkate, na ni vigumu kumnunia mtu aliyekushikia zamu yako. Posa zilipelekwa hapo, wagonjwa waliulizwa hali hapo, na mgeni akiingia mjini aliambiwa akae barazani, atajulikana.

Mkame akafariki, miaka ikapita, akaja mfanyabiashara mmoja jina lake Hurmuzi. Huyu alikuwa mtu wa safu ya mbele. Tasbihi haikumtoka mkononi, na akiitikia Amina alisikika mpaka nje ya msikiti. Alinunua nyumba kubwa iliyopakana na tanuri. Kisha watu walipokwenda mashambani kuvuna mtama, mji ukiwa mtupu, akawaleta waashi wake, akalizungushia ukuta tanuri na baraza yake, akatia mlango na kufuli. Watu walirudi na mavuno vichwani wakakuta ukuta. Walipomuuliza, akasema moshi unamchafulia msahafu na soga za wanawake zinamvurugia kisomo, na zaidi ya hayo ardhi ni yake, aliinunua pamoja na nyumba.

Subhanallah! Mtu anawanyang'anya watu mkate kwa kisingizio cha kusoma Kitabu kilichomwamrisha kulisha maskini! Mnivumilie, ndugu zangu. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila nifikapo hapa hasira hunipanda upya.

Kila nyumba sasa ikawasha moto wake nyuma ya mlango wake. Wenye kuni walikula, wasio na kuni wakakoroga uji. Maskini, ambao hawakuwahi kuomba kwa mtu, wakaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba huku wakitazamwa usoni. Palikuwa na kipofu mmoja aliyezoea kulifuata joto la tanuri hadi kwenye kawa. Siku ya kwanza baada ya kufuli kutiwa aliunyoosha mkono akagusa ukuta, akaupapasa huku na huku, akadhani amepotea njia, akawaomba radhi wapita njia.

Wakamwendea kadhi, Sheikh Asbagh, mtu mwadilifu. Lakini kadhi huhukumu kwa ushahidi, naye akataka mashahidi walioujua wakfu na mipaka yake. Wakaitwa wazee waliokaa na marehemu Mkame, waliokula mikate ya tanuri lile tangu meno yao yalipoota. Mmoja baada ya mwingine wakasema wamezeeka, kichwa hakishiki tena. Watu wote walijua kwamba wazee hao walikuwa wakialikwa kwa Hurmuzi kila Ijumaa baada ya sala. Pilau ilikuwa imewasahaulisha. Wanatia udhu vizuri, wanajua idadi ya rakaa, lakini ardhi ya Mwenyezi Mungu hawaikumbuki!

Akabaki Bi Raihana, binti yake Mkame, mjane asiye na mtoto, aliyeishi kwa kusuka mikeka. Siku Mkame alipouweka mpaka, yeye alikuwa msichana, akimbebea baba yake maji. Aliujua. Ulianza kisimani, ukalipita tanuri, ukaishia kwenye mkwaju. Na baina ya tanuri na mkwaju ilisimama nyumba yake mwenyewe. Mumewe alikuwa mgeni wa mji, aliijenga baada ya mkwewe kufa, kwa nia safi, asijue. Raihana alikuwa bibi harusi, aliona haya kumkataza, na haya hiyo ikakaa naye mpaka mume akazikwa. Hakuwa na kitu kingine duniani ila nyumba ile.

Hurmuzi alilijua hilo. Akamwendea mchana, akasimama mlangoni kwa adabu, akamwambia, "Bibi, mimi na wewe tuko katika jambo moja. Ukisema tanuri ni wakfu, nyumba yako nayo imekwenda. Mwambie kadhi kwamba wakfu wa marehemu ulikuwa kisima tu, ukae kwako kwa amani." Raihana akamjibu kwamba amesikia, akarudisha mlango.

Lakini mtihani mzito haukutoka kwa adui. Ulitoka kwa jirani yake Bi Mwanaidi, mwanamke mwema aliyempenda. Huyu alimshika mkono akamwambia, "Dada, tanuri tuokolee. Ila ukifika kwenye pembe ya nyumba yako, geuka. Nani atakulaumu?"

Raihana akasema, "Hakuna, mwenzangu. Na hilo ndilo linalonitisha."

Maana desturi ya mahakama ile ilikuwa hivi: shahidi wa ardhi hasemi tu. Hutia udhu, huapa, kisha huutembea mpaka kwa miguu yake mbele ya watu, na pale miguu yake inaposimama ndipo kadhi huandika. Siku ilipofika mji wote ulikusanyika kisimani. Raihana akaapa, akasema Bismillahi, akaanza kutembea taratibu, mkono mmoja umeshika buibui. Alipofika kwenye ukuta mpya hakugeuka. Aliupita wote kwa upande wa nje, na watu wakashusha pumzi, maana tanuri lao lilikuwa limeingia ndani ya mpaka. Hurmuzi akaacha kuhesabu tasbihi.

Akafika kwenye pembe ya nyumba yake, akasimama. Akaweka kiganja juu ya chokaa aliyoipaka mumewe. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakutaka ageuke, na Bi Mwanaidi alikuwa amefumba macho. Raihana akaondoa mkono ukutani, akaendelea kutembea, akaipita nyumba yake, akaenda kusimama chini ya mkwaju.

"Hapa ndipo alipofika baba yangu," akasema. "Ndani ya mpaka huu mna tanuri, mna baraza, na mna nyumba ninayolala. Si vyangu, na si vya Hurmuzi."

Kadhi akamuuliza kama anajua kwamba ameshuhudia dhidi ya nafsi yake. Akajibu, "Baba alimpa Mwenyezi Mungu ardhi nzima. Mimi siwezi kumrudishia nusu."

Hapo ndipo mmoja wa wale wazee, Mzee Madi, aliponyanyuka na fimbo yake, akaenda kisimani, akaapa, akafuata nyayo za Raihana hatua kwa hatua mpaka mkwajuni. Akasema amekumbuka. Amekumbuka! Wenzake nao wakamfuata, na wote wakakumbuka. Sheikh Asbagh akahukumu kwamba ardhi yote ni wakfu. Hurmuzi alishaondoka. Wasimulizi hawakutaja kama alitubu, nami siwezi kumzushia.

Ukuta ukabomolewa siku ile ile. Watu wakamwomba kadhi amwache Raihana akae nyumbani mwake. Mwenyewe akakataa, akasema akiachiwa yeye leo kwa huruma, kesho ataachiwa Hurmuzi kwa heshima. Akakunja mikeka yake, akaenda kukaa kwenye kibanda nyuma ya jiko la Bi Mwanaidi, na nyumba yake ikawa ya wasafiri.

Tanuri lilipowashwa tena, Raihana alikuja akiwa hana unga wala kuni. Yeye ambaye maisha yake yote aliweka mkate wa kwanza chini ya kawa, leo aliijongelea kawa kuuchukua. Watu wote wakageuza nyuso, hata Mzee Madi, na uso wake ulikuwa umelowa. Akaikuta kawa haikukaa sawa, kwa wingi wa mikate iliyowekwa chini yake. Akachukua mmoja, kama desturi ilivyotaka, akaifunika iliyobaki kwa ajili ya wanaokuja nyuma.

Ndugu zangu, msinilaanie Hurmuzi peke yake. Mtu mmoja hana nguvu ya kuwazungushia watu wote ukuta. Ukuta ule ulisimama juu ya wazee walionyamaza, na ulianguka kwa mjane aliyekataa kugeuka. Kila mmoja wetu ana pembe ya nyumba yake, mahali ambapo haki ya watu inaanza kumgharimu yeye. Siku tutakayofika hapo, ewe Mola wetu, tupe miguu ya Bi Raihana.