Pimbi Alivyomsifu Kiboko Hadi Bwawa Likahama

Hodi ya ngano, enyi mnaosikiliza.

— Ipite, tumeitandikia mkeka.

Ilikuwa Septemba mwaka 1974, siku ya mia moja na nne bila mvua. Ukungu mkavu ulielea juu ya mawe, na jua lilipita ndani yake kama linatembea usingizini. Bwawa lilibaki moja tu. Humo alilala Kiboko, akisema maji yote ni kitanda chake.

Pimbi alikuwa mpiga gitaa la roki. Ngwaa, ngwaa, miamba ikinguruma, vijana wakirukaruka. Mkewe, Bi Mashavu, alikwenda kuomba maji. Kiboko akamfukuza, naye akafa njiani kwa kiu. Wengine nao wakafa vivyo hivyo. Pimbi akapanda mwambani, akampigia marehemu nyimbo za kilio, na katika kila mlio akamwona akipita polepole, miguu haigusi ardhi.

Siku ya arobaini Digidigi, rafiki wa marehemu, akampandia huko juu. Akampa pole, kisha akasema, "Shemeji, unamwimbia aliyekwisha kufa. Wanangu wawili bado wana kiu."

Alasiri Pimbi akaziacha nyimbo za kilio. Kisha akanong'onezana na wanyama wadogo, akateremka bwawani, akamwarifu Kiboko kwamba ametunga wimbo wa kumsifu. Kwa desturi ya huko, msifiwa huinuka, humfuata mwimbaji akicheza, wala hageuki nyuma mpaka wimbo ukome.

"Una beti ngapi?" Kiboko akauliza.

"Hutegemea ukubwa wa mtu, Bwana Mkubwa."

"Basi usiruke hata mmoja."

Ngwaa, ngwaa. Ubeti wa kwanza ukamwita mlima. Kiboko akafumba macho, akapiga hatua kumi, ndi, ndi, ndi. Nyuma yake wadogo wakachimba, kwaru, kwaru, kwaru. Ubeti wa pili ukamwita wingu. Hatua kumi, ndi, ndi, ndi. Nyuma yake, kwaru, kwaru, kwaru. Akawa mwezi, akawa bahari, akawa baba wa usiku. Kila Pimbi alipotaka kupumzika, Kiboko alinung'unika kwamba masikio yake hayajasifiwa.

Beti sitini na moja. Hatua mia sita na kumi. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka kwa jua, akaomba wimbo ukome. Aliporudi alikuta mfereji mrefu, na bwawa limehamia katikati ya mawe, penye mianya ambayo hata kichwa chake hakikupita. Ndani, wana wa Digidigi walikuwa wakinywa, gubi, gubi, gubi.

"Maji yangu yako wapi?"

"Yalikwenda kuusikiliza wimbo wako, Bwana Mkubwa," Pimbi akamjibu. "Yamependa huko."

Kiboko akaondoka kwenda kutafuta mto.

Funzo lake ni wazi: mwanamuziki asijiingize katika mambo ya maji. Apige gitaa lake, awaache wakubwa walale.

Ngano imevaa viatu, inaaga.

— Iende salama, na njia iwe na kivuli.

Gharama yote ya usingizi wa Kiboko, waliokufa kwa kiu kabla ya mfereji: kumi na wanne.