Mama Aliyejaza Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Kilima?

Cha mawe.

Mwamba?

Una wenyewe.

Na mtoto wa kusikiliza?

Ndiye mimi.

Haya, sogeeni. Ninyi mliokuwa mkichokoa mijusi mwambani kwa vijiti leo mchana, msidhani sikuwaona. Kaeni hapa mbele, maana hadithi hii inawahusu kuliko wengine.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja aitwaye Matika, na binti yake wa pekee, Nyemo. Waliishi katika tembe chini ya kilima cha mawe. Baba yake Nyemo alikuwa amekwisha fariki, na dada wa huyo baba, shangazi Mbeleje, ndiye aliyekaa nao. Alikuwa na mdomo mkali na moyo laini, kama mtu fulani mnayemjua.

Watu wa kilima kile walikuwa na desturi yao. Mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha, kumbikumbi wakatoka ardhini, hakuna aliyeonja hata mmoja kabla ya kupeleka konzi moja mwambani, kwa wenyewe. Na wenyewe ni mijusi wa miiba, wale wanene wenye rangi ya jiwe, ambao mkia wao umezungukwa na miiba, pete baada ya pete.

Kumbikumbi hao walipelekwa wabichi. Bila chumvi, bila moto. Ukiuliza kwa nini, wazee walikuambia ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia, haya, kachote maji.

Basi siku moja Matika na Nyemo walikwenda kilimani kuchuma mlenda. Jua lilikuwa la asubuhi, na mijusi wametoka kuota jua juu ya mawe. Ghafla mijusi wote wakaingia katika nyufa zao, na kilima kikanyamaza.

Lilikuwa zimwi. Lilikuwa refu kupita mgunga, na macho yake mabovu yalikuwa na utando mweupe, lakini pua lake lilinusa jasho la mtu aliye karibu, na chakula cha moto hata kutoka ng'ambo ya kilima.

Matika akamsukuma Nyemo nyuma ya jiwe, akamwambia asitikisike hata akisikia nini. Kisha yeye akakimbia upande wa pili, akipiga kelele kwa makusudi ili zimwi limfuate. Likamfuata. Akakimbia mpaka akafika kwenye mwamba mkubwa wenye ufa, na mbele hapakuwa na njia tena.

"Mwamba, nifiche," Matika akasema. "Nina mtoto."

Mwamba ukamjibu, na Nyemo alisikia kila neno. "Mwili wako ni laini, humu utasagika. Nitakupa ngozi ya wenyeji wangu. Mvua tatu zinyeshe, moja kila mwaka, na zote tatu zikauke, ndipo utakapotoka ukiwa mtu. Kabla ya hapo usitoke, akuite nani, akuite nani."

Matika akakubali. Mara ngozi yake ikawa magamba, magamba yakatoa miiba, naye akawa mjusi akaingia ufani. Zimwi likauwahi mkia.

Likavuta, hakutoka. Likavuta tena, hakutoka. Likavuta mara ya tatu, hakutoka, maana Matika alivuta pumzi akajijaza hewa, mwili ukaubana ufa pande zote, na miiba ikakamata jiwe. Zimwi likaachia likilamba damu viganjani.

"Macho sina," likasema, "lakini pua ninalo. Nitangoja."

Likarudi pangoni mwake ng'ambo ya kilima. Nyemo akakimbia nyumbani kumsimulia shangazi. Mbeleje akakaa chini palepale mlangoni, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini moto hauendi mwambani. Kitu kibichi hakina harufu ya watu. Kitu kilichokaangwa, harufu yake inafika ng'ambo.

Basi Nyemo akaanza kungoja.

Watoto, kungoja ni kazi. Asiyewahi kungoja hajui. Asubuhi Nyemo alikuwa akiamka na kusikiliza, maana mama yake alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kupuliza moto, na kila siku kabla hajakumbuka alidhani atamsikia. Kigoda cha mama hakuruhusu mtu akikalie, hata mgeni. Kaniki ya mama aliikunja akailalia. Harufu ya mama ilikaa humo miezi michache, kisha ikawa harufu ya Nyemo mwenyewe, na siku alipogundua hivyo hakula.

Mvua ya kwanza ikaja. Nyemo akapanda kilima na konzi ya kumbikumbi wabichi, akawamwaga mbele ya ufa, akaimba:

*Mama uliye ufani,*
*mvua imekuja, nami nimekuja,*
*kula, unyamaze.*

Akakaa mbali. Mjusi mmoja akatoka, akala, akamtazama Nyemo kwa muda, akarudi ndani. Nyemo akarudi nyumbani akilia.

Mvua ya pili ikaja. Nyemo akapanda tena na konzi ya kumbikumbi wabichi, akaimba:

*Mama uliye ufani,*
*mvua imekuja, nami nimekuja,*
*kula, unyamaze.*

Mjusi akatoka, akala, akamtazama, akarudi ndani. Safari hii Nyemo alimwambia shangazi kwamba amechoka, kwamba uso wa mama umeanza kumpotea, anakumbuka mikono tu. Shangazi akamwambia subira yavuta heri. Nyemo akajibu kwamba heri hiyo inavutwa polepole mno.

Mvua ya tatu ikaja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kumbikumbi walitoka wengi mwaka ule. Shangazi akakaanga wa kula nyumbani, kwa chumvi, na harufu ikajaa tembe nzima. Nyemo akakumbuka jinsi mama yake alivyowapenda hivyo hivyo, wa moto, wenye chumvi, akiwatupia mdomoni mmoja mmoja huku akicheka. Akajiambia: mvua tatu anakula vibichi kama mnyama. Mvua ya tatu si hii imenyesha? Miezi iliyobaki ya kukauka ni kitu gani? Akionja chakula cha nyumbani, atakumbuka nyumbani.

Basi shangazi alipotoka kufunga ndama, Nyemo akachota kumbikumbi waliokaangwa, wangali moto, akawafunika kwenye kitunga akapanda kilima. Mnajua wanavyosema juu ya asiyesikia la mkuu. Guu la Nyemo halikuvunjika, lakini kilichovunjika kilikuwa kikubwa kuliko guu.

Akawamwaga mbele ya ufa. Akaimba, na wimbo akaugeuza:

*Mama uliye ufani,*
*mvua imekuja, nami nimekuja,*
*kula, uniitikie.*

Kichwa cha mjusi kikachungulia. Hakikugusa chakula. Kikabaki mlangoni mwa ufa, kikitazama juu ya bega la Nyemo.

Nyemo akageuka. Zimwi lilikuwa limekwisha fika, na mkono wake ukamdaka Nyemo kiunoni.

"Mvua tatu nimengoja nikinusa mawe," likasema. "Leo nimenusa chumvi."

Nyemo hakupiga kelele. Alimwona mama yake anasogea, akatikisa kichwa kumkataza. Na mwamba ukasema kwa sauti ya chini, "Matika, imebaki miezi michache tu. Ukitoka leo, hutakuwa mtu tena."

Matika akatoka.

Hakusita, watoto. Alitoka mbio, akapanda mguu wa zimwi, akapanda tumbo, akafika kwenye mkono ulioshika mwanawe, akauma. Zimwi likacheka, likamkamata kwa mkono wa pili. "Nilikuvuta hukutoka," likasema, "leo umetoka mwenyewe." Likamtupa kinywani.

Humo kinywani Matika akajikunja. Akaushika mkia wake kwa meno, tumbo laini likawa ndani na miiba yote nje, akawa pete ya miiba. Zimwi likameza. Alipofika kooni akavuta pumzi, akajijaza.

Zimwi likameza, hakushuka. Likakohoa, hakutoka. Likameza tena, hakushuka. Likamwachia Nyemo, likashika shingo kwa mikono miwili, likazunguka, likaanguka kifudifudi juu ya mwamba na kinywa wazi. Halikuinuka tena mpaka leo.

Nyemo akaingiza mkono kinywani mwa zimwi mpaka kwenye kiwiko. Akagusa miiba. Akavuta taratibu, lakini mama yake alikuwa amekaza, hajui ni mkono wa nani.

"Mama, ni mimi," akasema. "Limekufa. Pumua."

Pumzi ikatoka. Mjusi akalegea, Nyemo akamtoa, akamweka mapajani, akangoja magamba yaanguke. Alingoja mpaka kivuli cha jiwe kikahama upande. Hayakuanguka.

"Mwamba," akasema, "nirudishie mama yangu."

"Mimi sikumchukua," mwamba ukajibu. "Alitoka mwenyewe."

Basi Nyemo akamfunga mama yake katika pembe ya kaniki, akashuka naye nyumbani. Shangazi Mbeleje alipofunuliwa akaona, hakugomba wala hakuuliza. Alipiga magoti, akasema, "Wifi, karibu nyumbani," kisha akajifunika uso kwa nguo yake.

Nyemo akamweka mjusi juu ya kigoda, karibu na moto. Akampa ugali wa uwele, hakula. Akampa mlenda, hakula. Akamletea kumbikumbi wabichi, akala wawili akaacha. Usiku alimlaza kando ya kichwa chake, akamweleza mambo yote ya mvua tatu: ng'ombe gani amezaa, nani ameolewa, jinsi alivyokuwa akidanganyika kila asubuhi kwamba amesikia kikohozi. Alikuwa na furaha, nisiwafiche. Mama yake alikuwa nyumbani.

Lakini kila asubuhi, jua lilipogusa mlango, mjusi alishuka kigodani, akatambaa mpaka kizingitini, akakaa hapo akielekea kilimani. Siku ya kwanza Nyemo akamrudisha ndani. Siku ya pili akamrudisha ndani. Siku ya tatu akamrudisha ndani, akamwona mbavu zimeanza kuhesabika.

Shangazi akamwuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa wa nadra, "Mwanangu, huyu mtu unamtunza au umemfunga?"

Nyemo akakasirika. Akasema amengoja mvua tatu, akasema watu wengine wana mama zao nyumbani wanawagombeza tu bure, akasema hampi mtu, hampi mwamba, hampi yeyote. Shangazi akamwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha Nyemo akaenda kukaa kizingitini kando ya mjusi, na wote wawili wakawa wanakitazama kilima.

Kesho yake asubuhi akamfunga tena katika pembe ya kaniki akapanda naye.

Alifika kwenye ufa jua likiwa ndiyo kwanza linapasha jiwe. Akafungua kiganja. Mjusi hakuondoka upesi. Alikaa pale kiganjani akiota jua, muda mrefu, hata Nyemo akaanza kutumaini kwamba labda haendi. Kisha akatambaa juu ya vidole, akagusa jiwe, akaingia ndani. Nyemo akasikia miiba ikikwaruza, halafu mwili ukijaza ufa.

Akainama mpaka mdomo ukagusa mwamba.

"Usitoke, mama," akasema. "Hata mimi nikikuita, usitoke."

Akashuka.

Ndiyo maana mjusi wa miiba, ukimwendea kwa ubaya hutoki naye, na ukimwendea kwa wema hutoki naye vilevile. Anajijaza pumzi ufani mwake, anakusubiri uondoke. Alikwisha ambiwa. Na hatagi mayai kama mijusi wengine. Huzaa watoto walio hai, mmoja, wawili, watatu, maana wa kwanza wao alikuwa mama wa mtu.

Na Nyemo? Aliishi, akazeeka. Kila mvua ya kwanza alipeleka konzi yake ya wabichi, akamwaga, akakaa mbali. Hakuimba tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, mwenye kuchota amechota, kilichobaki waachieni wenye mwamba. Na funzo lake ni hili: ukimpenda mtu, usimtoe mahali anapoponea ili wewe upoe moyo.

Haya, inukeni mkalale. Na vile vijiti vyenu, nileteeni nikokee moto.