Mkono wa Tunu na Mtoto wa Hadithi

Hapo zamani, zamani za watu kuuza watu, palikuwa na shamba la miwa la Bwana Khelef. Miwa ilikamuliwa kwa kinu kikubwa kilichozungushwa na ngamia, na mtumwa aitwaye Tunu ndiye aliyeitia kinuni. Siku moja kinu kikamnasa vidole. Akapiga ukelele, "Simamisheni!" Khelef alikuwa pale pale. Akasema, "Endeleeni, maji ya miwa yataharibika." Ngamia akazunguka. Mkono ukaenda hadi kiwikoni.

Kidonda kilipopona Tunu akatoroka, akaingia mjini, akabisha hodi nyumba kwa nyumba akionyesha kigutu chake. Watu wakamtazama, wakasema pole, wakafunga milango. Wakarudi kutafuna sukari guru ya Khelef.

Hatibu peke yake, msimulizi wa mji ule, alimkaribisha na kumsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akakusanya watu sokoni, akawasimulia. Lakini katika hadithi yake hakikusagwa kiungo cha mtu mzima. Alisagwa mtoto mchanga, aliyefungwa mgongoni mwa mama yake.

Tunu akamshika kanzu. "Mtoto gani? Mbona mkono wangu umeutupa?"

"Mkono wako wameuona, dada. Wamefanya nini?"

Tunu akaiachia kanzu kwa hasira. 

Mji ukalia. Wanawake wakamwaga sukari guru njiani. Watu wakamwendea liwali, mtawala wao, wakapiga kelele mpaka Khelef akaitwa.

Khelef akacheka. "Nionyesheni kaburi la huyo mtoto."

Liwali akamgeukia Tunu. "Kweli mtoto alisagwa?"

"Hakuna mtoto! Kilichosagwa ni hiki!" Akainua kigutu. "Hiki hakiwatoshi?"

Watu wakaguna. Mmoja akamtemea mate. "Kumbe tumelia bure!"

Hapo akasimama Mashavu, mtumwa ambaye Khelef mwenyewe alimleta aje kumtetea. Akashika msahafu, akaapa: "Mtoto alikuwepo. Ni wangu."

Watu wakafura kama mto. Liwali, kwa kuogopa kuchomewa nyumba, akawaacha huru watumwa wote wa Khelef, akawapa na ardhi ya bwana huyo.

Wakajenga kijiji. Wakaanza kugombana: kiitwe jina la nani?

Hatibu akasema, "Langu. Ukweli ulipita mlango kwa mlango ukafungiwa nje. Hadithi yangu ndiyo iliyowatoa watu ndani."

Tunu akasema, "Umewafundisha kumlilia asiyekuwepo, huku wakinitemea mate mimi niliyekuwepo! Siku uongo huu ukijulikana, kila mtumwa atakayelia ataambiwa anasimulia hadithi. Aliyeumia ni mimi, na sikudanganya hata pale kweli iliponiponza."

Mashavu akasema, "Khelef alimuuza mwanangu angali ananyonya. Kinu hakikumgusa, lakini sijamwona tena, wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeapa uongo juu ya msahafu, na nitaujibia peke yangu mbele ya Mungu. Bila kiapo kile mngekuwa bado mnakata miwa."

Wakatukanana, wakasukumana, wasielewane. Mpaka leo kijiji hakina jina.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, amueni. Na anayetaka kusema "wote watatu" afunge mdomo wake. Nani alistahili?