Mstari Mwekundu wa Bomba Kuu

Mwalimu wa mbio hufika peke yake. Mmemsikia Bi Nakijwa akiisema asubuhi, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapahapa idara ya maji, kabla ninyi vijana hamjaajiriwa.

Zamani koki za bomba kuu tulizifunga kwa mikono. Kisha magurudumu yake ya kuzungushia kwa mkono yakang'olewa, ikaletwa programu ya kuzifunga kwa kompyuta, pamoja na video za mafunzo. Aliyezitengeneza alikuwa kijana mwerevu aitwaye Semboja. Saa nzima video ilitueleza namna ya kuwasha kompyuta na kushika kipanya, tukasinzia. Ilipofika kwenye kufunga maji wakati wa dharura, mshale ukarukaruka, kurasa zikafunguka na kufungwa, na kabla hatujaelewa sauti ikasema, "Kama mlivyoona, ni rahisi."

Nakijwa, msimamizi wetu wa zamu, alimwomba Semboja aeleze sehemu ile taratibu.

"Mtazoea, dada," alijibu akikusanya vifaa vyake. "Kuna kituo kingine kinanisubiri."

Haukupita muda, bomba kuu likapasuka mlimani, juu ya zahanati. Mkunga akapiga simu: maji yameingia wodini, na kuna mama yuko kwenye uchungu, hawezi kuhamishwa. Nakijwa akafungua video. Sehemu ile ikapita. Akairudisha, ikapita tena. 

Nikampigia Semboja, nikaweka simu mezani ili wote tumsikie.

"Ingieni kwenye ramani, chagueni tawi, toeni kufuli, halafu bofyeni..."

"Semboja, nyamaza," Nakijwa alisema bila kupaza sauti. "Kuna mwanamke anajifungua ndani ya maji. Niambie jambo moja. Nikisema tayari, ndipo uniambie la pili."

Semboja akaanza upya, taratibu.

"Fungua ramani."

"Tayari."

"Bofya mstari mwekundu."

"Iko miwili."

Hapo Semboja akasita. Kwenye video hakuwahi kusema kwamba iko miwili. "Usibofye," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nisomee majina yake, polepole."

Akamsomea. Mmoja ulikuwa wa bomba kuu, mwingine wa tangi la hospitali ya wilaya. Wakaendelea hivyo, neno kwa neno, mpaka mshale wa presha ukaanza kushuka. Mtoto alizaliwa salama, mkunga akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini.

Kesho yake Semboja alifika, akapitia kwanza zahanati. Alipoingia kwetu viatu vyake vilikuwa na tope. Akavuta kiti karibu na Nakijwa.

"Nilidhani tumefika wote, dada. Kumbe nilifika peke yangu."

"Basi rudi utuchukue," Nakijwa alimwambia.

Siku hiyo alifundisha mpaka jioni, na hakugusa hatua ya pili kabla kila mmoja wetu hajaifanya ya kwanza kwa mkono wake. Ndiyo maana mtu akituharakisha hapa tunamwambia: mwalimu wa mbio hufika peke yake.